Beseni la Bibi Yuditha

"Mimi Kiingereza nakinywa kama uji uliopoa!" Shamimu aliwatangazia wenzake, akiwa amesimama juu ya dawati ambalo wala halikuwa lake. "Leteni swali lolote. Hata la sekondari leteni. Mkinikuta nimekwama, njooni mninyoe kwa wembe butu."

Hakuna aliyeleta swali, kwa sababu Mwalimu Mdoe alikuwa mlangoni kitambo, ameegemea fremu na boksi la chaki mkononi.

"Endelea, profesa," alisema. "Tulifika kwenye wembe."

Darasa la Sita zima liliangua kicheko. Shamimu akateremka dawatini polepole, kama mtu aliyekuwa amepanda kufuta vumbi tu.

Tuseme kweli, msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikijua Kiingereza kuliko wenzake wengi pale Chanika, mjini Handeni. Tatizo lake lilikuwa moja: ulimi ulitangulia, miguu ikabaki nyuma.

Siku hiyo ya Jumatatu Mwalimu Mdoe alifundisha namna ya kusimulia maneno ya mtu mwingine. Aliandika ubaoni, kisha akamgeukia msichana wa dawati la mbele.

"Janeth akiniambia saa hizi 'I am hungry', nami jioni nikaenda kumsimulia mama yake, nitasema 'Janeth said that she was hungry'. Kwa nini 'was'? Kwa sababu alipokuwa akisema ilikuwa mchana. Jioni huenda ameshakula ugali wake, njaa imekwisha. Mimi nabeba maneno ya saa ile aliyoyasema."

Akachora duara kulizunguka neno 'that'.

"Hiki ni kidaraja. Upande huu nimesimama mimi, upande ule amesimama mwenye maneno. Kabla hujavuka, hakikisha ng'ambo kuna mtu. Nimeeleweka?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Halafu akatoa kazi. Mwalimu Mdoe alikuwa na utaratibu wake uliojulikana mtaa mzima. Kila mwanafunzi alipewa mzee mmoja wa jirani. Alitakiwa kumtembelea jioni hiyohiyo, kumwuliza mambo matatu aliyoyafanya jana yake, na kesho kuyasoma darasani kwa Kiingereza. Kisha, Ijumaa ya wiki iliyofuata, wazee wenyewe walialikwa shuleni. Sentensi zilisomwa tena mbele yao, na mwalimu akamwuliza kila mzee: "Ndivyo ulivyosema?" Mwaka uliopita Mzee Mhina, mwenye miaka themanini, alisimama na mkongojo wake akaapa mbele ya wote kwamba hajawahi kumpiga chenga kipa yeyote. Aliyetunga sentensi ile alifagia uwanja wa shule mpaka likizo.

"Shamimu," alisema mwalimu akisoma orodha, "wewe Bibi Yuditha."

Shamimu alinung'unika moyoni. Bibi Yuditha alikuwa Msambaa wa Kwashemshi aliyeolewa Chanika zamani, sasa mjane. Aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya kichochoro, baada ya viwanja viwili vitupu, ndani ya ua wa minyaa. Mwanawe Petro aliuza machungwa kule Segera. Ubaya wa bibi huyo, kwa maoni ya Shamimu, ulikuwa maneno mengi. Ukimwomba chumvi, alianza kukueleza barabara ya Korogwe ilivyokuwa kabla ya lami.

Jioni hiyo Shamimu na rafiki yake Agripina walipita nje ya ua ule, vitabu mgongoni. Uwanjani wasichana walikuwa wanajipanga kucheza rede, na kelele zao zilisikika mpaka kichochoroni.

"Ingia basi, nakusubiri," Agripina alisema.

"Niingie nikazeekee humo? Siingii."

"Na kazi ya mwalimu?"

"Nitaandika mwenyewe. Bibi kizee jana kafanya nini? Kafagia, kapika, kalala. Kwani karuka na parachuti? Na Kiingereza chenyewe hajui. Hiyo Ijumaa atatikisa kichwa tu, yamekwisha."

Ndipo waliposikia sauti kutoka nyuma ya nyumba. Ko! Ko! Ko! Ikanyamaza. Halafu tena: Ko! Ko! Ko! Kama kitu kinachogonga bati au beseni.

Agripina akasimama. "Umesikia?"

"Mbuzi wake huyo anapiga ngoma," Shamimu akajibu akicheka.

"Kwani ana mbuzi?"

"Kila bibi ana mbuzi. Twende, watapanga timu bila sisi."

Wakaenda. Shamimu alicheza vizuri sana jioni ile, hakuguswa na mpira hata mara moja.

Asubuhi ya Jumanne, chai mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, aliandika sentensi zake juu ya goti. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Kiingereza. Alipoitwa alisimama, akakohoa kidogo kama mtangazaji wa redio, akasoma:

"Bibi Yuditha said that she swept the yard. She said that she cooked makande. She said that she took her medicine and slept well."

"Safi!" alisema Mwalimu Mdoe. "Hakuna kosa hata moja. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Shamimu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuigiza.

"Na tena umenisaidia," mwalimu akaendelea, akitoa simu mfukoni. "Petro, mwanawe wa Segera, amenipigia alfajiri. Simu ya mama yake haipatikani tangu jana mchana. Alitaka kufunga genge aje. Nikamwambia asubiri kwanza, nina mwanafunzi aliyekwenda pale jana jioni. Ngoja nimtoe wasiwasi."

Akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mama mzima. Mwanafunzi wangu alikuwa naye jana. Anapika, anakunywa dawa zake. Endelea na biashara."

Akabonyeza. Ujumbe ukaenda.

 Shamimu aliendelea kusimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Simu haipatikani tangu jana mchana. Ko, ko, ko. Aligeuka kidogo akakutana na macho ya Agripina, na macho yale hayakuwa na utani hata punje.

"Kaa, Shamimu. Makofi yamekwisha," mwalimu alisema.

Angeweza kusema pale pale. Ilikuwa sentensi moja tu, tena ya Kiswahili: mwalimu, sikwenda. Lakini ulimi wake, ule uliozoea kutangulia, safari hii ulilala mdomoni kama kitambaa kikavu. Alikaa.

Kikafuata kipindi cha Hisabati. Hakuona namba. Alijiambia simu imeisha chaji, basi, bibi hana habari. Akajiambia bibi yuko uani sasa hivi anachagua maharage. Kila alipojiambia hivyo, lile beseni liligonga tena kichwani mwake, na aliona wazi jambo ambalo jana hakulitaka kuliona: mbuzi hapigi mara tatu, akapumzika, kisha akapiga mara tatu tena. Anayefanya hivyo ni mtu. Tena mtu anayeita.

Agripina alimsogelea sikioni. "Nenda kamwambie mwalimu."

"Atanimaliza."

"Na kama bibi..." Agripina hakumalizia. Penseli ilimponyoka Shamimu, ikaanguka.

Rimu ya gari iliyokuwa kengele ya shule ilipogongwa kwa mapumziko ya saa nne, Shamimu alikuwa ameshavuka geti. Alikimbia akapita mashine ya kusaga, akapita duka la Sadala bila kumwamkia, akapita viwanja viwili vitupu. Kandambili moja ilikatika, akaiacha hapo hapo.

Ua ulifungwa kwa kamba ya katani, kama ulivyofungwa jana. Alihangaika na fundo mpaka kucha ikauma. Ndani, kuku walikuwa wanapiga kelele bandani. Saa nne yote hii hakuna aliyewafungulia. Kanga iliyoanikwa kwenye kamba ilikuwa na umande wa usiku.

"Hodi!" Sauti yake ilitoka nyembamba. "Hodi, Bibi!"

Kuku tu ndio waliomjibu.

Alisukuma mlango. Sufuria ya maharage yaliyolowekwa ilikuwa juu ya meza, maji yametoa povu. Pembeni ilikaa simu ndogo, kioo cheusi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, mto haujalaliwa. Shamimu alisimama katikati ya chumba, akatamani sana kurudi nje, akimbie, aseme hakufika. Nani angejua? Alijua yeye. Alikumbuka sentensi yake ya mwisho, ile iliyofuatwa na makofi: slept well, alilala vizuri.

Ko.

Mara moja tu, tena kwa udhaifu, kutoka nyuma ya nyumba.

Alizunguka mbio. Bafu la uani lilikuwa la mabati, na mlango wake ulikuwa gunia. Alilifunua. Bibi Yuditha alikuwa amelala ubavu juu ya sakafu ya saruji, mguu mmoja umevimba kama kiazi kikuu, midomo imekauka na kupasuka. Beseni lilikuwa limepinduka, maji yote yamekwisha kupotea. Mkononi alishika kopo la kuogea, na kopo hilo ndilo alilokuwa akigongea beseni.

"Nani?"

"Mimi... Shamimu. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," bibi alijibu, kwa sababu hata aliyelala chini salamu haikatai. "Maji, mjukuu wangu."

Shamimu alileta maji, akamwinua kichwa, akamnywesha kidogokidogo huku machozi yakimdondokea bibi usoni. Kisha akatoka njiani akapiga yowe. Yowe lile halikuwa na mbwembwe yoyote. Sadala alitoka dukani mbio, majirani wakafuata, bajaji ikapatikana, na bibi akafunikwa kanga akapelekwa hospitali. Shamimu alikaa miguuni pake njia nzima.

Mwalimu Mdoe alipigiwa simu, akawakuta mapokezi, jasho likimtiririka. Njiani alikuwa ameshasimuliwa na Sadala, na alimshika Shamimu bega.

"Umefanya vizuri sana, mwanangu. Moyo ulikuambia urudi kumwangalia, ee?"

Shamimu hakujibu. Ni rahisi sana kutojibu unaposifiwa.

Nesi alikuwa amemfunga bibi kipimo cha presha mkononi. Alikitazama, akakunja uso. Bibi mwenyewe alikuwa amefumba macho, hawezi kusema.

"Ameanguka lini huyu?"

"Lazima ni leo asubuhi," alijibu Mwalimu Mdoe. "Jana jioni mwanafunzi wangu huyu alikuwa naye, mzima kabisa."

"Na dawa za presha anakunywa?"

"Anakunywa. Mwenyewe alimweleza mtoto."

Nesi akaanza kuandika. Ameanguka leo. Dawa anatumia. Shamimu aliitazama kalamu ile ikitembea kwenye karatasi. Alikuwa anaona uongo wake ukiingia kwenye cheti cha mgonjwa, mstari kwa mstari, na alijua kinachofuata ni daktari kuusoma na kutibu kwa kuufuata. Aliogopa kiboko. Aliogopa aibu, mama yake, shule nzima. Lakini bibi aliguna kidogo kitandani, na woga ule wote ukawa mdogo mbele ya woga mwingine.

"Usiandike!"

Wote wakamgeukia.

"Hakuniambia kitu," alisema, akitazama sakafu. "Sikuingia kwake jana. Niliandika mwenyewe. Habari za dawa... sijui kama alikunywa."

Kalamu ilisimama. "Kwa hiyo hujui ameanguka lini?"

Hilo Shamimu alilijua. Jana, saa kumi jioni, beseni lilikuwa linagongwa. Alifungua mdomo, akauona uso wa mwalimu, akaufunga. Akaufungua tena.

"Sijui. Hata sikupita njia ile."

"Leo umekikuta kitanda chake kimelaliwa?" nesi aliuliza.

"Hakijalaliwa. Kuku hawajafunguliwa."

"Basi yuko chini tangu jana." Nesi alichana karatasi akaanza mpya, akamwita daktari kwa sauti kali. "Amekosa dawa, amekosa maji, presha iko juu. Sogeeni nifanye kazi."

Mwalimu Mdoe hakumgombeza. Alitoka kibarazani, akapiga simu, na Shamimu alisikia kila neno kupitia dirishani.

"Petro, mimi ndiye niliyekuambia mama mzima. Nilikosea. Ameanguka, njoo hospitali. Nisamehe sana, ndugu yangu."

Shamimu alitamani achapwe. Kumsikia mwalimu wake akiomba msamaha kwa uongo usio wake kuliuma kuliko fimbo.

Mfupa wa kifundo cha mguu ulikuwa na ufa. Bibi alifungwa plasta, akatundikiwa dripu, presha ikateremshwa taratibu, na siku ya tatu akaruhusiwa kurudi nyumbani. Petro aliyefika kutoka Segera na jicho jekundu alimwambia Shamimu maneno machache tu: "Ningepanda gari la alfajiri, dada. Nilikuwa nimeshashika begi." Halafu akampa machungwa manne, kwa sababu mwisho wa yote ni yeye aliyemkuta mama. Shamimu hakuweza kula hata moja.

Adhabu aliipanga mama yake Shamimu pamoja na mwalimu. Kila siku asubuhi Shamimu alikwenda kwa bibi kufungua kuku na kuteka maji. Kila jioni alifagia uwanja, akaosha vyombo, na akamwuliza Bibi Yuditha mambo matatu aliyoyafanya jana, kikwelikweli. Bibi alimweleza matatu, akaongeza thelathini. Alieleza barabara yote ya Korogwe kabla ya lami, kona kwa kona. Shamimu alishangaa kukuta hadithi zenyewe ni tamu.

Jambo moja tu lilimtesa. Kila alipoliosha lile beseni, alijitahidi lisigonge chini. Bibi alikuwa kimya kabisa kuhusu jioni ile. Je, alisikia? Ua wa minyaa si ukuta. Shamimu alimtazama kwa pembe ya jicho, bibi akatabasamu tu na kuomba chai. Jioni moja alizunguka uani kutafuta mbuzi. Hapakuwa na mbuzi, wala kamba ya mbuzi, wala hata punje ya mavi yake.

Ijumaa ya wazee ikafika. Walipangwa kwenye mabenchi mbele ya darasa, Bibi Yuditha katikati yao, mguu wake wa plasta umewekwa juu ya kigoda. Zamu ya Shamimu ilipofika alisimama bila kukohoa kwa mbwembwe.

"Bibi Yuditha said that she sorted beans. She said that her foot hurt in the morning. She said that she missed the hills of Kwashemshi."

Mwalimu Mdoe alizitafsiri kwa Kiswahili. "Ndivyo ulivyosema, Bibi?"

"Ndivyo nilivyosema. Na maharage yalikuwa na mawe mengi."

Watu wakacheka. Mwalimu akalitazama darasa.

"Sikieni. Sentensi za kwanza za Shamimu hazikuwa na kosa lolote la Kiingereza, nami nikazipigisha makofi. Zilikaribia kumtoa mtu roho. Unaposema 'fulani kasema', watu huamua mambo kwa maneno hayo: mwana anaacha safari, nesi anaandika cheti, daktari anatibu. Sema uliyoyasikia. Kama hukusikia, sema hukusikia. Na ukikosea, sahihisha mapema, kama Shamimu alivyopata ujasiri wa kufanya hospitalini. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Shamimu akakaa, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu Jumanne ile. Yamekwisha, alijiambia. Agripina alikuwa ametazama dirishani.

Ndipo fimbo ya Bibi Yuditha ilipoinuka hewani.

"Mwalimu, na mimi nina sentensi zangu tatu."

"Karibu, Bibi. Nitakutafsiria."

"Huna haja. Nilipika miaka ishirini kwa madaktari Wazungu huko milimani. Unadhani tulikuwa tunaongea kwa ishara?" Akamgeukia Shamimu, taratibu, na Kiingereza chake kikatoka kimenyooka kama kanga iliyopigwa pasi.

"Shamimu said that she would write it herself. She said that I did not know English. And she said that my goat was playing the drum."

Darasa lilianza kucheka kwa sababu ya mbuzi. Halafu kicheko kikafa, kimoja kimoja, kadiri kila mmoja alivyoelewa ni ngoma gani.

"Niliwasikia vizuri, mjukuu wangu," bibi aliongeza kwa Kiswahili, bila hasira. "Nilikuwa hapo chini, sauti imekauka, nina kopo tu. Nilisubiri siku zote hizi uniambie mwenyewe. Na sijawahi kufuga mbuzi."

Masikio ya Shamimu yalikuwa yanawaka moto. Mwalimu Mdoe aliweka chaki mezani. Alimwuliza swali lilelile alilokuwa akiwauliza wazee.

"Shamimu. Ndivyo ulivyosema?"

Alisimama. Safari hii miguu ilitangulia ulimi. Alitembea mpaka mbele, akapiga goti kando ya kile kigoda.

"Ndivyo nilivyosema, Bibi."